Sura ya Sita: Ushahidi wa Kazi Isiyoonekana

Katika kazi zote ambazo mtu huomba kwa karatasi, ni chache zilizo ngumu kusimuliwa kama kazi ya afisa uzingatiaji, yaani yule ambaye benki, kampuni ya bima, mtandao wa simu au taasisi nyingine yenye leseni humweka ili aangalie kwamba mambo yanaendeshwa kwa mujibu wa sheria, kanuni na miongozo ya mdhibiti. Mwuza bidhaa hutaja mauzo yake na mhandisi huonyesha daraja lake. Walakini afisa huyu, kadiri anavyoitimiza kazi yake kwa uangalifu, ndivyo natija ya kazi hiyo inavyozidi kuwa mambo yasiyotokea: faini haikutozwa, akaunti ya mlaghai haikufunguliwa, jina la benki halikuandikwa gazetini kwa aibu. Nani asifiwe kwa msiba ambao haukufika? Kwa sababu hiyo watu wa fani hii, hata walio hodari na waaminifu, huketi kuandika wasifu wao wa kazi wakajikuta wananakili barua yao ya ajira, na mahali palipopaswa kuwa na mafanikio pakajaa majukumu.

Nimesoma wasifu mwingi wa namna hii, nao hufanana kana kwamba umetoka kwenye mkono mmoja. Husema: kuhakikisha benki inazingatia sheria ya kudhibiti fedha haramu, kuandaa taarifa za miamala shuku, kutoa mafunzo kwa watumishi, kushirikiana na wakaguzi. Hakuna uongo katika maneno hayo, wala hakuna habari. Aliyeyatenda kwa juhudi na aliyelala juu ya meza wangeweza wote wawili kuyaandika, madhali wote walikalia kiti kile kile na kupokea mshahara ule ule. Mwajiri anaposoma hujua kiti kilikuwa cha nini, ila hajui nani alikikalia.

Dawa ya maradhi haya imo ndani ya fani yenyewe, na ajabu ni kwamba watu wake huitumia kila siku kwa mambo ya wengine wakaisahau kwa mambo yao. FATF, chombo kilichoundwa Paris mwaka 1989 na mataifa saba tajiri ili kuongoza vita dhidi ya utakatishaji wa fedha, kina mapendekezo 40 ambayo nchi hupimwa kwayo. Kwa muda mrefu upimaji huo uliegemea zaidi swali la kama nchi inazo sheria na vyombo vinavyotakiwa. Mwongozo wa upimaji wa mwaka 2013 uliongeza swali la pili, zito kuliko la kwanza: je, sheria hizo na vyombo hivyo vinafanya kazi? Yakawekwa matokeo 11 ya kutazamwa, na nchi ikatakiwa ilete burhani ya vitendo pamoja na nakala ya sheria.

Tofauti ya maswali hayo mawili imeonekana hapa kwetu bayana. Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti fedha haramu tangu mwaka 2006; Zanzibar ikatunga yake mwaka 2009, mwaka ule ule Kenya ilipotunga ya kwake. Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika zilikuwa na umoja wao wa kukaguana, ESAAMLG, ulioanzishwa Arusha mwaka 1999 na wenye makao Dar es Salaam. Pamoja na hayo yote Uganda ilikaa katika orodha ya kijivu ya FATF, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu mpaka zirekebishe kasoro zao, kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024, Tanzania kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025, na Kenya ikaingizwa Februari 2024. Sheria zilikuwapo, na pale zilipokuwa na mapengo zilirekebishwa. Lakini sehemu kubwa ya yale yaliyotakiwa ilikuwa uthibitisho kwamba taasisi zinakaguliwa kwa kadiri ya vihatarishi vyake, kwamba wamiliki manufaa wa kampuni, yaani watu halisi walio nyuma yake, wanajulikana, na kwamba taarifa za miamala shuku zinafika zikiwa na maana ya kutumika. Wakuu wa idara za uzingatiaji katika miji yetu wamepita katika tanuri hilo, nao wamejifunza kuuliza. Wanapomsaili mwombaji kazi humwuliza swali lile lile waliloulizwa wao: majukumu yako tumeyaona, je, yalifanya kazi?

Anayetaka kuandika mafanikio yenye nguvu na aanze, basi, kwa kujua mwajiri anaogopa nini. Mwezi Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizitoza benki tano faini, jumla yake shilingi milioni 392.5 za Kenya, kwa mambo yaliyohusiana na fedha za Huduma ya Vijana kwa Taifa zilizopitia katika akaunti zao. Kasoro zilizotajwa hazikuwa za ajabu: miamala mikubwa ya fedha taslimu haikuripotiwa, wateja hawakuchunguzwa ipasavyo, miamala mikubwa haikuwa na nyaraka za kuiunga mkono, na taarifa za miamala shuku hazikupelekwa kama ilivyotakiwa. Upande wa Tanzania, FBME, benki iliyoandikishwa huku ilhali biashara yake kubwa ilikuwa Cyprus, ilitajwa na mamlaka ya Marekani mwezi Julai 2014 kuwa ni tishio la utakatishaji wa fedha, na Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ikaifutia leseni. Mwenye benki hayasahau mambo hayo. Anapofungua wasifu wako anatafuta mtu aliyewahi kuziba pengo la aina ile lililowaangamiza wenzake, na ambaye aweza kueleza aliliziba vipi.

Tuuchukue mstari mmoja tuutazame kwa karibu. Tuseme afisa wa benki yenye matawi mikoani ameandika hivi: “Nilishughulikia mapitio ya taarifa za wateja.” Tumkalishe tumwulize. Wateja gani? Wale wa kihatarishi cha juu, anajibu: wafanyabiashara wa fedha taslimu, taasisi zisizo za kiserikali, watu wenye nyadhifa za kisiasa. Wangapi? Faili 1,240. Ulizikuta katika hali gani? Ukaguzi wa ndani ulikuwa umeandika hoja kwamba faili 410 hazina kitambulisho kilicho hai ama hazielezi chanzo cha mapato, na hoja hiyo ilikuwa imekaa wazi zaidi ya mwaka. Ukafanya nini? Hapo bibi huyu, ambaye mpaka sasa alikuwa akijibu kama mtu anayetoa taarifa ya mwenzake, anaanza kusema kwa moyo. Makarani wa matawi walikuwa wakiwapigia wateja simu mmoja mmoja, na wateja wakiahidi bila kuja. Yeye alikwenda kwa watu wa mifumo akaomba tangazo litokee kwenye kompyuta ya keshia kila mteja wa orodha ile anapofika dirishani, ili nyaraka zidaiwe siku ambayo mteja mwenyewe ana haja na benki. Ikawaje? Baada ya miezi 7 zilibaki faili 22, kila moja na sababu yake iliyoandikwa, na ukaguzi wa ndani ukaifunga hoja.

Tarakimu hizo ni za mfano, lakini mazungumzo yenyewe nimeyasikia mara nyingi kwa sura mbalimbali, na kila mara hushangaza jinsi hazina inavyokaa chini ya mstari mkavu. Sasa mstari waweza kuandikwa upya: “Nilisimamia uhuishaji wa faili 1,240 za wateja wa kihatarishi cha juu, kwa kuweka tangazo la mfumo dirishani badala ya kutegemea simu, nilipunguza faili zenye upungufu kutoka 410 hadi 22 katika miezi 7, na hoja ya ukaguzi wa ndani iliyokuwa wazi kwa zaidi ya mwaka ikafungwa.” Msomaji ameambiwa ukubwa wa kazi, hali ya mwanzo, hila njema iliyotumika, hali ya mwisho, muda, na shahidi. Katika hayo yote lililo azizi zaidi ni shahidi. Afisa hakujisifu mwenyewe; ukaguzi wa ndani, ambao kazi yake ni kutoridhika, ndio uliosema kwamba jambo limekwisha. Kufungwa kwa hoja ya ukaguzi, barua ya mdhibiti isiyo na agizo jipya, azimio la kamati ya bodi, haya ni maneno ya watu walio nje ya idara yako yaliyokuja juu ya kazi yako, na neno lao lina uzito ambao sifa yako mwenyewe haiwezi kuufikia.

Neno la kuangaliwa sana hapo ni kitenzi cha mwanzo. Aliyesimamia aandike kwamba alisimamia, na aliyeshiriki aandike kwamba alishiriki, akaitaja sehemu yake: “katika timu ya watu 4, niliandaa vigezo vya kupanga wateja kwa vihatarishi.” Wako wanaodhani kwamba kukiri ushiriki kutawashusha daraja, nao hunyang’anya kazi ya timu nzima kwa kitenzi kimoja. Katika usaili swali la pili au la tatu hufika mahali ambapo asiyesimamia hana jibu, na katika kazi ambayo msingi wake ni amana, mtu aliyekamatwa akiongeza chumvi kwenye wasifu wake amekwisha kujibu maswali yote yaliyosalia.

Hesabu nazo zina hatari yake, na hatari kubwa imo katika hesabu inayopendwa kuliko zote, yaani idadi ya taarifa za miamala shuku. “Niliwasilisha taarifa 180 kwa mwaka,” huandika mtu kwa fahari, naye hatambui kwamba msomaji mjuzi aweza kuiona sentensi hiyo kama onyo. Taarifa zaweza kuwa nyingi kwa sababu afisa ni mwangalifu; zaweza vile vile kuwa nyingi kwa sababu ni mwoga, hupeleka kila kitu ili asilaumiwe, na kuwalemeza wachambuzi wa serikali kwa makaratasi yasiyo na habari. Vipimo bora ni vya muda na ubora. Sheria ya Tanzania hutaka taarifa ipelekwe ndani ya saa 24 tangu shaka ilipothibitika moyoni mwa mtoa taarifa. Kwa hiyo afisa aliyekuta tahadhari za mfumo zikikaa siku 19 bila kuamuliwa akaziteremsha hadi siku 3 ana jambo la kusema. Hali kadhalika aliyekuta taarifa nyingi zikirudishwa kwa kukosa maelezo, akatunga mpangilio mpya wa kuziandika, na zikaacha kurudi. Na yule aliyepunguza tahadhari za bure kwa kurekebisha viwango vya mfumo ni sharti aongeze nusu sentensi ya kuonyesha kwamba alichukua sampuli ya zilizoachwa akaikagua, la sivyo msomaji atajiuliza kama alipunguza kelele au alizima king’ora.

Mafunzo ni jambo ambalo kila mtu huliandika na karibu wote huliandika vibaya. Kusema kwamba watumishi 300 walifundishwa ni kusema kwamba viti vilijaa. Tazama kilichofuata: kama kulikuwa na matawi 11 ambayo hayakuwahi kuleta hata taarifa moja ya ndani ya mashaka, na baada ya mafunzo matawi 8 kati yake yakaanza kuleta, hilo ndilo fanikio, na mafunzo ni njia tu ya kulifikia.

Yako pia mafanikio yasiyokubali hesabu, nayo huenda ndiyo makubwa kuliko yote, kwa kuwa ndiyo yanayodhihirisha tabia. Afisa uzingatiaji huishi kwa kusema “hapana” kwa watu wenye vyeo kuliko yeye: mkuu wa biashara anayetaka mkopo wa simu uanze kabla ya Sikukuu ijapokuwa masharti ya taarifa za mteja hayajakamilika, au meneja wa tawi mwenye mteja mkubwa anayechukia kuulizwa fedha zatoka wapi. Habari za namna hii huachwa nje ya wasifu kwa kuhofia kwamba zitamwonyesha mwandishi kuwa mgomvi. Mimi nasema ziandikwe, kwa adabu na kwa ukamilifu wa njia: nilibaini nini, nilikipeleka kwa nani, uamuzi ulikuwa upi. “Kabla ya kuzinduliwa kwa huduma mpya ya mikopo nilibaini kwamba ridhaa ya wateja juu ya matumizi ya taarifa zao haikukidhi sheria, niliwasilisha hoja kwa kamati ya vihatarishi, uzinduzi ukaahirishwa kwa wiki 5, na huduma ikaanza ikiwa na ridhaa iliyorekebishwa.” Hapa hakuna asilimia wala fedha iliyookolewa, lakini mwajiri mwenye akili huusoma mstari huu mara mbili. Ameona mtu aliyesimama, na aliyesimama kwa utaratibu. Fauka ya hayo ameona kwamba biashara haikufa, iliendelea ikiwa salama.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo kwalo wasifu wa kazi hizi hutofautiana na wasifu wote mwingine, nalo ni siri. Pendekezo la 21 la FATF, na sheria za nchi zetu kwa kulifuata, humkataza mtumishi wa taasisi kumtonya mteja au mtu mwingine kwamba taarifa yake imepelekwa kwa mamlaka. Katazo hilo haliishi siku mtu anapoacha kazi. Lakini hutokea mwombaji akaandika, kwa nia njema ya kuonyesha ushujaa, kwamba aligundua mtandao wa kampuni za uagizaji wa magari katika mji fulani, mwezi fulani, na kwamba taarifa yake ilisababisha akaunti kuzuiwa. Jina hakulitaja; hata hivyo katika mji wenye waagizaji wachache, kuna haja gani ya jina? Vivyo hivyo matokeo ya ukaguzi wa mdhibiti ni mali ya taasisi na mdhibiti wake, na kuyamwaga katika karatasi itakayopita mikononi mwa watu wa ajira ni kuvunja amana.

Kanuni ninayoipendekeza ni kutaja aina na ukubwa, na kuacha kila kinachoweza kumwongoza msomaji kwa mtu. Badala ya mji na biashara, sema “uchunguzi wa kampuni zenye umiliki uliofichwa.” Badala ya kunukuu alichosema mkaguzi wa Benki Kuu, sema kwamba uliratibu majibu ya ukaguzi wa mdhibiti na kwamba maagizo yote yalitekelezwa ndani ya muda uliowekwa. Jikanye pia usihame na faili, picha za skrini wala nakala za taarifa kama kielelezo cha kazi yako. Mbali na wajibu wa siri, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwombaji wa kazi ya kulinda sheria hizo hawezi kuanza kwa kuzivunja. Mwajiri anayesoma siri za benki nyingine katika wasifu hafurahii ujuzi wa mwandishi. Hufikiri juu ya benki yake, na juu ya wasifu utakaoandikwa miaka mitatu ijayo.

Kando ya siri, uko pia mpaka wa madai. Usiandike kwamba kwa ajili yako benki haikutozwa faini kwa miaka minne. Kutotozwa faini kuna sababu nyingi, na baadhi yake ni bahati. Andika ulichofanya wewe na kilichobadilika karibu na mkono wako, umwachie msomaji hukumu; hukumu anayoifikia mwenyewe huishikilia.

Kijana asiyewahi kuitwa afisa uzingatiaji asikate tamaa akisoma haya, kwa maana kazi hii huanzia mbali na ofisi yenye jina lake. Keshia aliyeona mteja akigawa fedha zake katika amana ndogo ndogo ili zisifike kiwango cha kuripotiwa, akalipeleka jambo mahali pake. Karani wa kufungua akaunti ambaye fomu zake hazikurudishwa kwa mapungufu. Mtumishi wa wakala wa pesa za simu aliyekataa kusajili laini kwa kitambulisho cha mtu asiyekuwapo: hawa wote wana la kuandika, na waliandike kwa vipimo vile vile vya hali ya mwanzo, kitendo na shahidi. Vyeti vya fani, kama kile cha CAMS cha kupambana na fedha haramu kinachotolewa na chama cha ACAMS, vina heshima na nchi zetu zinazidi kuvitaka, lakini mahali pake ni chini, pamoja na elimu. Husema mtu amesoma nini, na ukurasa wa juu unangoja kusikia amefanya nini.

Tangazo la kazi hizi katika nchi zetu aghalabu huja kwa Kiingereza na wasifu hujibu kwa lugha hiyo, jambo ambalo huwafanya wengi waokote maneno makubwa yaliyokwisha kutumiwa na kila mtu. Nimeona faida ya kulisimulia fanikio kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa mwenzako asiye wa fani, mpaka alielewe na aulize swali. Kisha ndipo liandikwe kwa lugha ya tangazo. Swali atakalouliza huyo mwenzako, ndilo pengo lililobaki katika mstari wako.

Na kwa kuwa kumbukumbu ya binadamu haishiki tarakimu, daftari lianzwe ungali kazini. Kila mwisho wa mwezi andika, bila jina la mteja wala namba ya akaunti: hoja ngapi zilikuwa wazi na ngapi zimefungwa, tahadhari zilichukua siku ngapi, ushauri gani ulitoa na kamati gani iliuamua, nini kilikataliwa. Barua yenyewe ya kufunga hoja ibaki ofisini katika faili lake. Wewe chukua tarehe, idadi, na cheo cha aliyeitia sahihi, ili siku ya usaili, mtu atakapoweka kidole juu ya mstari na kuuliza ulijuaje, uweze kumwambia ni nani wa kumwuliza.